Symfony (fremuwaki ya PHP): string za konstrakta mnaziweka wapi, arguments, bind au #[Autowire]?

fundi_sevisi: Wakuu habari za jioni. Nina klasi inaitwa MtumaSms, konstrakta yake inapokea HttpClientInterface na string mbili, $jinaMtumaji na $ufunguo. Klaienti inaingia yenyewe kwa otowaya (konteina, yaani sehemu ya Symfony inayojenga vitu, inasoma aina ya paramita na kuleta kinachofaa) ila hizo string konteina inagoma, inataka niziweke mwenyewe, na ni haki yake maana itajuaje ni string ipi. Naona njia tatu, nyie kazini mnatumia ipi?

binti_kisauni: Mi arguments kwenye services.yaml (faili la mipangilio ya konteina), kwa jina: `$ufunguo: '%env(SMS_UFUNGUO)%'`, thamani inasomwa kwenye environment variable. Ila tafadhali usiandike kwa namba za nafasi!! Kuna projekti niliikuta iko hivyo, mtu akazibadilishia nafasi paramita mbili kwenye konstrakta, zote string kwa hiyo PHP kimya, konteina kimya, tukawa tunatuma ufunguo mahali pa jina la mtumaji na meseji zinakataliwa zote, siku nzima tunahangaika. Kwa jina, ukibadilisha jina la paramita kwenye klasi ukasahau yaml, konteina inakataa kujengwa hapo hapo.

jembe_php: bind chini ya _defaults kwenye services.yaml hiyo hiyo (ipo tangu Symfony 3.4) ni tamu kwa kitu kinachotumika kila mahali, mfano $projectDir ya `'%kernel.project_dir%'`, unaandika mara moja umemaliza. Kwa $ufunguo hapana mkuu, inashika kwa jina, kesho ukiandika sevisi (kitu kinachojengwa na konteina) ya malipo humo humo nayo ikawa na $ufunguo itapewa wa SMS.

nasra_msimbo: Mbona mnateseka na yaml, toka 6.1 ya 2022 naweka `#[Autowire('%env(SMS_UFUNGUO)%')]` juu ya paramita yenyewe, anayesoma klasi anaona kila kitu bila kufungua faili lingine.

binti_kisauni: Dada hapo sawa kama mtumaji ni mmoja. Akiwa na wawili wa klasi ile ile, wa shule na wa zahanati, atributi (hiyo #[Autowire]) ni moja, utarudi yaml tu.

fundi_sevisi: Aisee ninao wawili kweli! Basi arguments kwa jina, sevisi mbili kila moja na id yake. Nikiendesha `lint:container` (amri ya kukagua konteina) itanikamata nikizichanganya string?

jembe_php: Hapana, yenyewe inaangalia aina tu. Andika testi.