Uliyenizimia muziki jana Kisumu, UNAJIJUA

Sijalala. Nimefika Manyatta saa nane usiku na bado naisikia sauti yake kwenye maiki: "Dada, noti huwa zina mwisho."

Noti huwa zina mwisho! Ananiambia mimi, na sintesaiza, chombo kinachotoa hizo noti, ni yake! Mnamjua, yule wa kofia, anayegawa kama njugu sintesaiza zake za SuperCollider, ile programu ya kupiga muziki kwa kuandika msimbo. Wiki nzima ananisihi nitumie yake. Naandika `\dur, 0.5`, nafasi ya noti hadi noti, naongeza `\legato, 0.2` noti ziwe fupi kama kuku anadonoa. Wapi! Kila noti ikiingia haitoki. Noti elfu ndani ya spika mbili, mngedhani wadudu wote wa ziwa wamehamia ukumbini.

Ndipo akapitisha mkono juu ya bega langu, akabonyeza Ctrl na nukta. Kimya. Akachukua maiki. "Dada, noti huwa zina mwisho." Mbele ya mama yangu, aliyepanda matatu kutoka Ahero!

Nimeufungua msimbo wake sasa hivi. Ameweka Env.asr, sawa, hiyo hushikilia sauti mpaka iambiwe iachilie. Lakini `gate`, swichi ya kuiambia iachilie, ameibatiza `lango`! Pbind, inayopiga noti ninazoandika, inatafuta `gate`, jina lilelile, ndiyo itume sifuri noti ifungwe. Isipoliona haitumi kitu. Andika `legato` yoyote, noti itaimba mpaka Yesu arudi. Halafu mimi ndiye sijui mwisho wa noti!

Kondele_Bezi: Huyo! Mimi alinipa isiyo na `doneAction: 2`, amri ya kuifuta noti ikiisha. Noti zinanyamaza lakini hazifi. Laptopu ikajaa mizimu hadi ikaganda.

MamaTempo: Pole, lakini nani hupanda jukwaani na sintesaiza ya kuazima bila kuijaribu?

Mwenye uzi: Alinitumia faili saa kumi na mbili, nikapanda saa mbili! Na hata kama! Alikuwa na haki ya kushika kibodi yangu?

Jirani wa Milimani: Ungetumia Env.perc, ambayo noti hujiisha yenyewe, ungekuwa umelala saa hii 😂

Nakuru_Mawimbi: Angalau nyinyi mlikuwa na stima. Sisi ilipotea wimbo wa pili. Na aliyebeba kebo yangu ya mita 10 arudishe.

Kondele_Bezi: Rudisha kwanza ekstensheni yangu.

Nakuru_Mawimbi: Ekstensheni gani?

MamaTempo: Hiyo kebo ina tepu ya kijani?

Nakuru_Mawimbi: EEH! Iko wapi?