Mdogo wangu ana lupasi, tunashauriwa aache vidonge atumie unga wa kuongeza kinga. Naombeni ushauri

Binti Pasua: Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi. Mdogo wangu ana lupasi, ule ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe, anatumia vidonge vya prednisoloni na haidroksiklorokwini. Vidole vimevimba, asubuhi hata vifungo vya blauzi anafungiwa. Sasa kuna mama sokoni Mbuyuni anauza unga wa kuongeza kinga, anataka aache vidonge kwanza. Unga huohuo keshamuuzia shangazi yetu mwenye saratani ya titi. Mama ameshakubali kutoa hela. Naogopa.

Nesi Majengo: Pole sana dada. Prednisoloni asiikatishe ghafla! Mtu akiitumia muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo hupunguza kutengeneza homoni ya mwili inayofanana nayo, akiacha ghafla anaweza kuzidiwa kabisa. Inapunguzwa na daktari, kidogo kidogo.

Mkulima wa Kahe: Mbona mlonge tunakula miaka yote na tuko salama? Kinga ikiongezeka kuna ubaya gani?

Soweto Juu: Mkuu, kinga ya huyu binti haijapungua, imekosa breki. Kuna seli T, yaani chembe za kinga, zinazoshambulia, na zipo nyingine zinazozituliza. Shimon Sakaguchi wa Japani alizionyesha mwaka 1995, na mwaka 2025 akapewa Nobeli pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell. Kwenye lupasi utulivu huo unavurugika, seli B, nazo ni chembe za kinga, zinatengeneza kingamwili (protini za kushambulia) dhidi ya viini vya seli za mwili wenyewe. Kwa shangazi ni kinyume: uvimbe wa saratani unaweza kuzivuta hizohizo seli tulizi zikaukinga. Zipo dawa za saratani zinazoachia breki, na baadhi ya wanaozitumia huvimba utumbo, tezi ya shingo, hata viungo. Unga mmoja utawafaaje wote wawili?

Nesi Majengo: Someni pakiti. Ikiwa na alfalfa, yale majani ya lusini, wenye lupasi huambiwa waiepuke. Shangazi naye ampelekee daktari wake huo unga auone. Na mkojo wa mdogo wako umepimwa protini? Lupasi huingia kwenye figo bila maumivu yoyote.

Binti Pasua: Asanteni mno. Lusini imeandikwa ya pili kwenye pakiti ya shangazi. Mkojo hajapima muda mrefu, kesho asubuhi tunaenda hospitali ya KCMC, na mama namchukua asikie mwenyewe.