"Steal" na "rob": tofauti ni ya sarufi au ya tendo lenyewe?

Swali
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili, wanapotaka kusema "nimeibiwa simu", huandika "I was stolen my phone", na wengine wakilisahihisha huandika "I was robbed my phone". Sentensi zote mbili si sahihi, lakini ningependa kuwaeleza sababu badala ya kuwapa kanuni ya kukariri. Je, vitenzi hivi vinatofautiana katika sarufi tu, au hata matendo yanayotajwa ni tofauti?

Jibu la kwanza
Mwalimu, kosa hilo linatoka katika Kiswahili chenyewe. Kutoka "iba" tunapata "ibia", na kiambishi -i- cha kauli ya kutendea ndicho kinachomwingiza aliyeibiwa ndani ya kitenzi, hata "nimeibiwa simu" ikabeba mtu na mali yake kwa pamoja. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, hivyo kazi imegawanywa kwa vitenzi viwili: yambwa (yaani kinachotendwa) ya "steal" ni kitu kilichochukuliwa, ilhali yambwa ya "rob" ni mtu au mahali palipochukuliwa kitu. Ndiyo maana husemwa "my phone was stolen", lakini "I was robbed"; na simu ikitajwa katika sentensi hii ya pili, sharti itanguliwe na "of". Anayeandika "I was stolen" anasema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyebebwa na mwizi.

Jibu la pili
Naafiki maelezo ya sarufi, ila naona uzito zaidi uko katika tendo. "Steal" ni ndugu wa "stealth", yaani usiri, na mara nyingi mwenye mali hana habari hadi atakapopapasa mfuko. "Rob" huashiria nguvu au vitisho. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaeleza wizi katika kifungu cha 258 na unyang'anyi katika kifungu cha 285, ambapo unyang'anyi ni wizi unaoambatana na matumizi ya nguvu, au tishio la kuyatumia, wakati wa kuiba, mara kabla yake au mara baada yake. Kwa hiyo kila unyang'anyi una wizi ndani yake, lakini si kila wizi ni unyang'anyi. Aliyechomolewa simu ndani ya daladala bila kujua ameibiwa. Aliyetolewa kisu akaitoa mwenyewe amenyang'anywa, na kwa huyu "rob" ndiyo hasa. Wafundishe wanafunzi "kunyang'anya" na "kupora" sambamba na kitenzi hicho.

Jibu la tatu
Niongeze kwamba katika mazungumzo ya kawaida Waingereza husema "we were robbed" hata wanaporudi na kukuta nyumba imevunjwa, ingawa mwanasheria angetumia "burgle". Kwa zoezi, wape "wameiba benki" na "wameiba fedha benki". Ya kwanza ni "they robbed the bank". Ya pili ni "they stole money from the bank".