Mada: Viza ya Schengen, pasi mpya, na watoto nimeshawaahidi Disney

Kutoka: Mama Swaumu, Reading

Asalaam alaikum. Shikamooni wakubwa.

Naandika nikiwa kwenye basi, nimetoka kituo cha viza sasa hivi kuomba Schengen, viza ya kuingia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya. Faili langu limerudishwa. Bima ya euro 30,000 ninayo, barua ya kazini ninayo, taarifa za benki, hoteli, tiketi za Disneyland Paris za siku 2, vyote nilivipanga kwa mpangilio waliotaka. Kilichonikwamisha ni pasi. Ya zamani imeisha, nimechukua mpya ubalozini, lakini akaunti yangu ya mtandaoni ya UKVI, idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza, bado ina namba ya pasi ya zamani. Nimeomba wabadilishe wiki 3 zilizopita, kimya. Dada wa dirishani kaangalia karatasi niliyochapisha, kaangalia pasi, akasema namba hazifanani, nirudi zikifanana.

Safari ni likizo fupi ya Oktoba, na tarehe sikuiokota tu. Kitindamimba wangu anatimiza miaka 3 siku ya nne baada ya kurudi, na Disney mtoto ambaye hajafika 3 hakatiwi tiketi. Nikisogeza safari naongeza tiketi nzima ya mtoto, na mimi kazi yangu ni kulea wazee, mnaijua mishahara yake. Tangu Oktoba iliyopita naweka pauni 10 kila Ijumaa kwenye kopo la maziwa. Watoto wote watatu wana pasi za Uingereza, hawahitaji viza. Kizuizi ni mimi mama yao.

Swali langu ni moja: yupo aliyepokelewa maombi akiwa na pasi mbili, ya zamani na mpya, kabla UKVI hawajabadilisha namba? Miadi mingine niliyopata ni Jumatatu saa 4 na robo asubuhi.

Kutoka: Baba Jamila, Leicester

Waalaikum salaam. Pole sana dada yangu. Pasi mbili zinakubalika, usihofu. Mimi tangu 2006 natembea na mbili, ya zamani yenye muhuri wa ILR, kibali cha kuishi Uingereza bila kikomo, na mpya, nimezifunga pamoja kwa mpira. Nimekwenda Ujerumani harusini, Tanga nimekwenda mara 4, hakuna aliyenirudisha.

Ila mwaka tuliovuka Dover kwa feri na wanangu, mama yao alibaki kazini, afisa wa upande wa Ufaransa akaniuliza barua ya mama. Sikuwa nayo. Tulikaa pembeni saa 2, Jamila analia, foleni ya magari inatupita. Kwa hiyo andikeni barua ya ridhaa ya mzazi mwenzako hata kama hamjaambiwa.

Kutoka: Mwana Ngamiani, Coventry

Baba Jamila, kwa heshima zote, usimpoteze mwenzio. Wewe una muhuri wa wino, yeye ana eviza, ya mtandaoni. Ni vitu viwili tofauti. Kadi za BRP, zile za ukaazi, ziliisha 31 Desemba 2024, na sasa hali yako yote imo kwenye akaunti, nayo imefungwa kwenye namba ya pasi. Hata akipata hiyo Schengen, siku ya kurudi wenye treni au ndege wataangalia pasi aliyoishika. Kama haimo kwenye akaunti anaweza kuachwa Paris na watoto watatu. Hilo ndilo la kushughulikia kwanza.

Na kumbuka, maombi ya Schengen hayapokelewi chini ya siku 15 kabla ya safari. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na kituo nacho kinadai yake juu. Sisi tulilipa mara mbili kwa sababu mke wangu alipeleka picha ya ukubwa wa Uingereza.

Kutoka: Baba Jamila, Leicester

Sijampoteza mtu. Nimesema yaliyonikuta mimi.

Kutoka: Bi Riziki, Birmingham

Mama Swaumu mwanangu, pole. Nikuulize kama mama: lazima Paris? Hapa hapa tuna bustani ya burudani ya Paultons Park kule Hampshire, mtoto ambaye hajafika mita 1 halipiwi. Kutoka Reading si mbali. Wajukuu zangu nimewapeleka bustani nyingine, Alton Towers, kwa kuponi iliyokuwa kwenye pakiti ya Kellogg's, mtu mzima mmoja hakulipa. Pointi za Clubcard, kadi ya duka la Tesco, nazo nilizikusanya miezi 14. Nilipika pilau usiku, nikafunga kwenye vyombo vya plastiki, na katlesi, na chai kwenye chupa. Tulikula kwenye nyasi tukashiba, na sikununua hata maji.

Ukishikilia Paris, vaa moyo wa chuma kwenye chakula. Pale chakula chako unaingia nacho, mradi usibebe chupa za kioo wala masanduku makubwa ya barafu. Mabomba ya maji ya kunywa yapo ndani. Hoteli usichukue zile za kwao. Lala mjini, panda treni ya RER A mpaka kituo cha mwisho, Marne-la-Vallée Chessy, unashuka mlangoni kabisa. Tangu Januari 2025 nauli ya treni ni moja mkoa mzima wa Paris, isipokuwa ya uwanja wa ndege. Mdogo wako hajafika miaka 4, halipi, na wenye miaka 4 hadi 9 ni nusu nauli.

Na pima watoto urefu nyumbani. Treni ya mgodini inataka sentimita 102, ile ya anga za juu 120. Mjukuu wangu mmoja alipanga foleni dakika 50 akapimwa akarudishwa, alilia mpaka jioni. Mtoto kama hajaandaliwa huona ameadhibiwa.

Kutoka: Mgosi wa Freiburg

Wagosi, mbona mnahangaika? Njooni huku. Bustani ya burudani ya Europa-Park iko Rust, Ujerumani, mimi nafika kwa dakika 40. Chini ya miaka 4 hawalipi, na mtoto mpaka miaka 12 siku yake ya kuzaliwa anaingia bure. Huyo mdogo angesherehekea huku, nyumba yangu ipo, godoro lipo, hoteli ya nini.

Kutoka: Mwana Ngamiani, Coventry

Ujerumani nayo ni Schengen, kaka. Viza ni ile ile, na maombi yanakwenda kwa nchi unayokaa siku nyingi. Akibadilisha sasa anaanza upya.

Kutoka: Mama Nasra, Luton

Mimi viza yangu haikulipiwa hata senti, mume wangu ana pasi ya Ireland. Jaribu hilo.

Kutoka: Mwana Ngamiani, Coventry

Mama Nasra, hilo ni la mke wa raia wa Umoja wa Ulaya. Mama Swaumu hajasema mumewe ni wa Ireland. Na kwa wanaodhani watoto wenye pasi za Uingereza wanamsaidia mama yao: tangu Uingereza itoke Ulaya, hawamsaidii.

Kutoka: Mama Nasra, Luton

Basi tungekuwa na uraia pacha kama Wakenya, waliopewa na katiba ya 2010, tungechukua pasi ya hapa bila kuogopa na haya yote yasingekuwepo. Sheria yetu ya Uraia ya Tanzania ya 1995 inamwambia mtu mzima achague. Miaka 17 niko hapa na bado sijathubutu, kwa sababu shamba la babu liko Muheza na siwezi kuingia kwetu kama mgeni. Hiyo hadhi maalumu ya wanadiaspora tumeisikia, lakini hadhi siyo uraia.

Kutoka: Baba Jamila, Leicester

Hapo nakuunga mkono kwa asilimia 100.

Kutoka: Mzee wa Chumbageni, Glasgow

Wanangu, jambo moja la pesa hamjaligusa. Msiwatoe watoto shule kufuata bei nafuu. Mjukuu wangu aliye Leeds wazazi wake walitozwa faini ya pauni 60 kila mmoja.

Na nimesoma haya yote nikakumbuka Idi pili. Mama alitupa kachori kwenye karatasi, tukaenda pwani ya Raskazone, Tanga, kwa miguu tangu Chumbageni, tukaoga mpaka magamba ya chumvi yakatutoka mgongoni. Pembea ilikuwa kamba na ubao kwenye mwembe. Wanangu hawa wa Glasgow nimewapeleka mapango ya Amboni, kilomita 8 tu kutoka mjini, wakaingia gizani na mwongozaji mwenye tochi akawahadithia habari za Osale Otango, popo juu, kimya. Mkubwa alinishika mkono, na ana miaka 15. Hakuna bustani ya burudani huku iliyomfanya anishike mkono.

Nani anaondoka Desemba kwenda nyumbani? Nina mzigo mdogo wa dada yangu, dawa za presha.

Kutoka: Mwana Ngamiani, Coventry

Shikamoo mzee. Ni pauni 80 tangu Agosti 2024, kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ikichelewa siku 21 inakuwa 160. Na ni England tu, Scotland hamna. Lakini yeye anasafiri likizo, haimhusu.

Kutoka: Bi Riziki, Birmingham

Mzee, mimi naondoka tarehe 12, lete mzigo. Na Raskazone umenitoa machozi. Mama yangu alikuwa anauza badia pale pale njiani, labda ulinunua kwake.

Kutoka: Mzee wa Chumbageni, Glasgow

Mwenye kanga iliyofifia, na beseni la bluu? Nilinunua.

Kutoka: Mama Swaumu, Reading

Ahsanteni wote, barua ya ridhaa nimeandika, na watoto nimewapima. Hatibu ana 117, nimemwambia mapema ile ya anga haipandi, amenuna kidogo kisha akakubali.

Leo nimeingia tena kwenye akaunti. Bado ni namba ya zamani. Miadi ni kesho kutwa. Kama yupo aliyepokelewa na pasi mbili, kwa eviza, siyo muhuri, naomba anijibu usiku huu. Nitakuwa kazini lakini simu iko mfukoni.