Tununue nyumba kwenye shule ya alama 9 au tubaki? Kodi ya jengo Texas inanitisha

Mama_Pacha: Wakuu, habari zenu. Tupo Houston, pacha wetu wanaanza darasa la kwanza Agosti. Apatimenti tunalipa dola 1,450, shule ya mtaa ina alama 3 kati ya 10 mtandaoni. Dalali katuonesha nyumba mpya nje ya mji, shule alama 9, ila mkopo na kodi ya jengo ni 2,700 kwa mwezi. Baba watoto anaendesha lori, mimi nalea wazee zamu ya usiku. Dalali anasema kodi kubwa ndiyo shule nzuri. Kweli?

Kasuku72: Dada, kakwambia nusu. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, ndiyo maana wanakamua nyumba kulipia shule. Lakini tangu 1993 wilaya tajiri ya shule hukatwa ziada yake kusaidia wilaya maskini, ndiyo wanaita Robin Hood. Wazazi wa Edgewood, wilaya maskini ya San Antonio, walipigania hili: 1973 wakashindwa Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 kwa 4, 1989 mahakama ya juu ya Texas ikasema mfumo haufai. Ila kodi ya kulipia madeni ya majengo haiguswi, ndiyo maana huko utaona viwanja vya mpira kama vya ligi kuu. Na hizo alama mara nyingi zinapima mifuko ya wazazi.

Bin_Pangani: Kasuku, historia tamu, lakini mwanangu alifundishwa hesabu na walimu watatu ndani ya mwaka mmoja kwenye shule ya alama 3. Nilihama. Sijuti.

Shangazi_wa_Katy: Mwanangu, mimi kilichoniuma ni hiki. Thamani ya nyumba hupimwa Januari 1. Yangu siku hiyo ilikuwa kiwanja kitupu, kwa hiyo mwaka wa kwanza kodi kiduchu. Mwaka wa pili ikaja barua ya benki, inayokusanya kodi pamoja na mkopo: malipo yamepanda dola 610 kwa mwezi, pamoja na fidia ya upungufu. Nilikaa nayo mezani, chai ikapoa. Muulize dalali hesabu yake imepigwa kwa nyumba iliyokamilika au kwa udongo! Uliza pia kodi ya MUD, ile ya maji na mitaro ya mitaa mipya. Ukinunua, omba punguzo la makazi, la nyumba unayoishi mwenyewe. 2025 wapiga kura walilipandisha hadi dola 140,000 kwenye thamani inayotozwa kodi ya shule.

Kasuku72: Na asidhani mpangaji hatozwi. Mwenye nyumba ya kupangisha hapati punguzo hilo, kodi ya jengo inajificha ndani ya kodi ya pango. Kwetu Dar inakatwa kwenye LUKU ya umeme, huku inakata mshipa.

Bin_Pangani: 😂 Kweli hapo. Dada, mbona kuna njia ya kati: panga apatimenti ndani ya wilaya hiyo hiyo. Watoto wanaingia shule ile ile.

Mama_Pacha: Asanteni sana. Nimemwandikia dalali kuhusu MUD na hesabu ya kiwanja, kajibu "don't worry mama". Bin Pangani, apatimenti za huko vyumba viwili vinaanzia ngapi?

Bin_Pangani: Njoo PM.