Mama haachi kutoa sadaka, na mimi nimeona fomu za hesabu. Naombeni ushauri

Mhesabu wa Nne (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naombeni mnisome mpaka mwisho, jambo hili limeninyima usingizi.

Niko kamati ya kuhesabu sadaka kanisani kwetu, huu mwaka wa tatu. Tunakaa wanne chumba cha nyuma baada ya ibada, tunamwaga vikapu mezani, noti tunazinyoosha kwa kiganja, sarafu tunazipanga kumikumi. Tukimaliza, wawili wanatia sahihi kwenye fomu na mweka hazina anabeba begi. Kitu kimoja sikuwahi kukihoji: jumla tunaiandika kwa penseli. Tuliambiwa ni ili makosa yafutike kirahisi.

Mwezi uliopita nilitumwa ofisini kuchukua bahasha mpya. Faili la fomu lilikuwa wazi mezani. Nikaona fomu yenye sahihi yangu, na jumla siyo niliyoiandika. Karatasi ilikuwa imekwanguka pale palipofutwa. Nikafunua nyingine, na nyingine. Tano kati ya nane ziko hivyo, zote za mfuko wa ujenzi. Ujenzi wenyewe umesimama kwenye msingi tangu kabla sijaingia kamati, majani yameota ndani.

Nilimwambia mama peke yake. Ni mjane, anatoa fungu la kumi kwa kila kinachomfikia, hata tunachompa sisi wanawe. Bahasha yake naitambua kabla sijasoma jina, maana huikunja mara mbili na nyuma huandika majina yetu ili tuombewe. Akanisikiliza, kisha akasema: "Mwanangu, mimi simpi mchungaji, nampa Mungu. Akiila, ataulizwa yeye." Jumapili iliyofuata bahasha ikawemo kama kawaida. Nilipoinyoosha pale mezani machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.

Nimwambie nani? Nijitoe kimya kimya? Na mama, nimzuie?

Kiongera

Pole sana dada. Toka huko leo hii. Sahihi ni yako, mambo yakifumuka utaanza kuulizwa wewe.

Mkaguzi Mstaafu

Binti yangu, usitoke kwanza, na usimtuhumu mtu. Nimekagua hesabu za taasisi za dini kwa miaka mingi, nikwambie ninachokiona hapa.

Namba kubadilishwa kwenye fomu ni dalili mbaya sana, lakini peke yake haitoshi kusema nani kaiba. Kuna makanisa ambayo fundi analipwa kutoka kwenye begi kabla pesa haijafika benki, kisha mtu anarekebisha fomu ilingane na kilichobaki. Ni utaratibu mbovu, na ndio mlango ambao wezi huupitia, ila mtu mwingine anaweza kuufanya kwa ujinga tu. Ukweli utaupata kwa kulinganisha vitu vitatu: fomu yenu, slipu ya benki na daftari la mapato. Hivyo vitatu vinapaswa kusema namba moja. Mwenye haki ya kuviomba ni baraza la wazee, kwa hiyo usiende tena kufunua mafaili mwenyewe. Ukikutwa, wewe ndiye utakayeitwa mwizi.

Kuanzia Jumapili hii andikeni kwa wino. Fomu iwe na nakala, moja ibaki kwenu wahesabu. Pesa yote iende benki kama ilivyohesabiwa, malipo yatoke baadaye kwa hundi yenye sahihi mbili. Anayehesabu asiwe anayepeleka benki, na anayepeleka asiwe anayeandika daftari. Mfuko wa ujenzi uwe na hesabu yake, maana pesa iliyoombwa kwa kazi maalumu si halali kuitumia kwa nyingine hata kama hiyo nyingine ni njema. Mhubiri wa televisheni Jim Bakker kule Marekani alihukumiwa mwaka 1989 kwa makosa 24 kuhusu jambo la namna hiyo: waumini walilipa dola 1,000 kila mmoja wakiahidiwa malazi kila mwaka maisha yao yote, vyumba vikauzwa kupita vilivyokuwepo, na fedha nyingine zikaishia kwenye maisha yake.

Na mtu asikwambie kwamba kuhesabu kwa macho mengi ni mambo ya dunia. Someni habari za mfalme Yoashi. Makuhani walikusanya pesa za kutengeneza hekalu, mwaka wa 23 wa utawala wake nyufa zilikuwa bado. Hakuwaambia watu waache kutoa. Kuhani Yehoyada alichukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu, na likijaa mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja. Wawili, kutoka ofisi mbili.

Niliwahi Kutoa

Dada, nikujibu hilo la mama, kwa sababu mimi nilikuwa kama yeye.

Watu wanadhani tunaoendelea kutoa hatujui. Nilijua. Niliona gari likibadilishwa huku paa linavuja. Lakini kanisa hilo ndilo lililonizikia baba, ndilo lililokaa na mimi hospitali mtoto alipolazwa. Kusema "pesa inaliwa" kulikuwa sawa na kusema na yale yalikuwa uongo, na hayakuwa uongo. Halafu nimeshatoa miaka kumi na miwili! Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1957 kwamba mtu akibeba mambo mawili yasiyopatana moyoni huteseka, naye hugeuza lile lililo rahisi kugeuzika. Miaka kumi na miwili siwezi kuigeuza. Nilichoweza kugeuza ni maelezo ya gari.

Angalieni kanisa la City Harvest la Singapore. Mwaka 2003 muumini mmoja alisema hadharani kwamba pesa za kanisa zinaendesha kazi ya muziki ya mke wa mchungaji. Akaishia kuomba radhi magazetini. Mwaka 2015 mahakama ikawatia hatiani mchungaji Kong Hee na wenzake watano kwa kutumia vibaya fedha za kanisa, zaidi ya dola milioni 50 za Singapore, nyingi za mfuko wa ujenzi. Kanisa halikufa, maelfu waliendelea kuja na kutoa. Si wajinga wale. Ni watu ambao marafiki zao, ndoa zao na maombi yao vyote viko ndani ya jengo lile.

Kwa hiyo usimzuie mama kutoa. Ukimzuia atasikia unamtenga na Mungu wake.

Shemasi Mtiifu

Mleta uzi, nakuonya kwa upendo. Wapakwa mafuta wa Bwana hawaguswi. Mama yako amekujibu vizuri, Mungu ndiye mhukumu. Hizi habari za kuanika kanisa mitandaoni zinawafurahisha maadui wa imani.

Mkaguzi Mstaafu

Shemasi, nakuheshimu. Lakini Paulo alipobeba mchango wa kwenda Yerusalemu alisafiri na ndugu waliochaguliwa na makanisa, na sababu aliitaja mwenyewe: mtu asije akawalaumu. Yeye mtume alitaka mashahidi. Mweka hazina wetu anazuiwa na nini?

Bint Suleiman

Mimi ni Mwislamu, naomba nichangie kidogo kwa sababu na kwetu yapo. Mkusanya zaka mmoja, Ibn al-Lutbiyya, alirudi kwa Mtume akasema hiki chenu na hiki nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akahoji mbele ya watu: angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, angeletewa zawadi hizo? Jambo la mali ya umma lilisemwa kwa sauti, msikitini. Mama yako akijua kwamba kuuliza nako ni ibada, hatauona mzigo.

Niliwahi Kutoa

Umesema vyema dada. Naongeza moja: usiende peke yako. Korea Kusini, kesi ya fedha za kanisa iliyomtia hatiani mchungaji Yonggi Cho mwaka 2014 ilianza kwa malalamiko ya wazee wa kanisa lake mwenyewe. Walikuwa wengi, na walikuwa wa ndani.

Mhesabu wa Nne (mleta uzi)

Wakuu, asanteni sana. Nirudishe mrejesho.

Niliongea na wenzangu watatu wa kamati. Mzee mmoja aliinamisha kichwa, akasema naye aliona mwaka jana akaogopa. Jumapili tumeandika kwa wino na nakala tumebaki nayo. Mweka hazina aliitazama fomu muda mrefu, akachukua begi akaondoka bila neno. Bado sijui ni yeye au anatumwa, na nimeamua kutolisema jina lake popote mpaka wazee waone slipu za benki.

Barua ya kwenda kwa wazee tumeiandika, inaomba hesabu za mfuko wa ujenzi tu. Nilimpelekea mama aisome. Sikumwambia aache kutoa, nilimuuliza kama angependa kujua msingi ule umekula kiasi gani. Alinyamaza sana. Kisha akaomba kalamu, akatia sahihi, akaniambia nimpelekee na jirani yake ambaye anatoa kama yeye. Sasa ina sahihi kumi na moja. Tunaikabidhi Jumatano.