Kaniuzia maji ya kukerezea chuma akayaita mafuta ya gobore, sasa mtutu wote kutu!

Jamani, nina hasira na siwezi kuzificha. Gobore tuliloachiwa na babu, lenye kibali chake halali, limeliwa na kutu kwa sababu ya muuzaji mmoja hapa Kampala aliyeniapia kwamba chupa yake ni "mafuta ya gobore, kazi zote". Nilimwambia wazi kuwa silipigi, nalihifadhi tu, tena nyumba iko Entebbe, kando ya ziwa, ambako chuma hakikauki. Akasema paka, funga, usiwe na wasiwasi.

Juzi nimemulika mtutu kwa tochi. Kutu nyekundu, kuanzia mdomoni hadi chini mdeki, ile fimbo ya kushindilia, unapogota. Nikamimina kilichobaki chupani kwenye glasi: majimaji meupe kama maziwa, na harufu ileile ya karakana za Katwe wanapokereza vyuma. Ni mafuta yanayochanganywa na maji ili kupoza chuma kinapokatwa! Maji, ndugu zangu! Nimepakiwa maji mtutuni kwa pesa yangu.

Hayo majimaji yana kazi yake, sikatai. Wapiga shabaha wa magobore kule Marekani hulowesha nayo kile kitambaa kinachozungushiwa risasi ya duara, wakashindilia, wakafyatua papo hapo. Unyevu unalainisha masizi ya baruti nyeusi ili risasi inayofuata ishuke bila kukwama. Wengine huyeyusha nta ya nyuki na shahamu ya kondoo isiyotiwa chumvi, wakakipaka hicho kitambaa, nacho kinakuwa pamba tupu, maana nailoni huyeyuka. Risasi ikitoka, kazi ya kilainishi imekwisha. Kisha mtutu unaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu masizi ya baruti nyeusi yana chumvi zinazovuta unyevu, unakaushwa kabisa, ndipo yanakuja mafuta ya kuhifadhi. Haya ya kuhifadhi yanatakiwa yakae miezi yakizuia maji yasifike kwenye chuma. Atakayepiga tena lazima ayafute kwanza, la sivyo yanalowesha baruti na fataki ya kuiwashia inalia bure. Sasa mtu anayejiita mjuzi wa silaha anawezaje kuuza kimoja badala ya kingine?

Nilipomrudia, hakurudisha hata shilingi. Eti nipake mafuta ya alizeti juu yake! Mafuta ya kupikia yakikaa yanaganda na kunata kama gundi, na kutu iliyo chini yake inaendelea kula. Mtu hajui, na bado anatoa ushauri kwa sauti ya daktari.

Nataka pesa yangu, na nataka kila chupa iandikwe imechanganywa na nini: ina maji au haina, ya kitambaa au ya kuhifadhi. Hilo ni gumu?

Kama nawe umenunua mafuta meupe ya namna hii ukalifungia gobore kabatini, litoe leo. Hakikisha kwanza halina baruti wala risasi ndani, futa mtutu kwa pamba kavu hadi itoke safi, halafu upake mafuta mepesi ya mashine yasiyo na maji, na urudie kulikagua kila mvua zinapoanza. Na aliye hapa Uganda anayejua pa kupata ile nta wanayopaka makumbusho kwenye vyuma vya kale, aniandikie hapa chini. Tafadhali, si kwa yule muuzaji.